Ufanisi wa Kweli wa Taa za LED za Kukuzia Miche

Hotuba iliyotolewa na Mkaguzi wa Ushirika katika semina ya makatibu wa vyama vya msingi



Mmezoea kuniona nikisimama mbele yenu kuzungumzia daftari la fedha, stakabadhi na mizania. Leo nitazungumzia taa. Naomba mnivumilie, maana mwisho wa mazungumzo yangu mtaona kwamba nimerudi pale pale kwenye fedha za wanachama.

Katika miaka ya karibuni wauzaji wa taa za LED za kukuzia mimea wamekuwa wakizifikia ofisi za vyama vyetu. Baadhi yao ni watu waaminifu na baadhi sivyo. Lakini wote huja na karatasi zenye namba kubwa kubwa. Katibu asiyejua namba ipi ni ya kuulizwa hana budi kuamini ile anayoonyeshwa.

Sahihi yangu

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Chama kimoja cha wakulima wa mboga, ambacho sitakitaja jina, kilikuwa na ghala kuukuu lililobaki tupu. Bodi ikaamua kuligeuza ghala hilo kuwa kitalu cha miche ya nyanya na pilipili hoho, ili wanachama wapate miche kwa wakati mmoja na kwa bei nafuu. Zikanunuliwa taa 24, kila moja ikiwa imeandikwa ubavuni wati 1,000, zikatundikwa juu ya meza 24 zenye ukubwa wa mita moja kwa mita moja. Gharama yake ilizidi shilingi milioni nne, na fedha hizo zilitokana na makato ya kila kilo ya mazao ya wanachama.

Nilipokwenda kukagua, nilikuta kila kitu kiko sawa. Mkutano Mkuu ulikuwa umeidhinisha. Hati za bei zilikuwa tatu, kama kanuni inavyotaka. Ankara, hati ya malipo na stakabadhi zililingana. Taa zilihesabiwa, zikatimia 24. Nikatia sahihi yangu, nikaenda zangu.

Nilirudi baada ya miezi minne kwa sababu chama kilikuwa kimeshindwa kulipia umeme kutoka katika mauzo ya miche. Katikati ya kila meza miche ilikuwa mizuri. Pembeni ilikuwa mirefu, myembamba, imeinama kama mtu aliyeugua. Wanachama walikuwa wakichagua ya katikati na kuiacha ya pembeni, nayo ya pembeni ndiyo iliyokuwa mingi. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikagua hati za taa bila kuzikagua taa zenyewe.

Namba zinazopotosha

Ndugu wanachama, namba ya kwanza inayopotosha ni wati iliyoandikwa kwenye boksi. Wati ni kipimo cha umeme unaoliwa na taa, si cha mwanga inaoutoa. Tena, wati ya kwenye boksi mara nyingi hata si ile inayoliwa. Mtengenezaji huhesabu vijitaa vidogo vilivyomo ndani, akizidisha kila kimoja kwa uwezo wake wa juu kabisa, ambao hakiendeshwi nao hata siku moja. Kwa hesabu hiyo vijitaa 100 vya wati 10 huitwa taa ya wati 1,000. Wengine huandika kwamba taa hiyo ni "sawa na wati 1,000" za taa ya aina nyingine, bila kusema ni aina gani wala nani aliyepima.

Namba ya pili ni lumeni. Lumeni imetungwa kwa ajili ya jicho la binadamu, ambalo huona vizuri zaidi rangi ya kijani inayokaribia manjano, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 555. Mmea hauna jicho. Katika kazi ya usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga, mmea hutumia mwanga wa kati ya nanomita 400 na 700, na wekundu ambao jicho letu huuthamini kidogo, mmea huutumia vizuri sana. Kwa hiyo taa mbili zenye lumeni sawa zaweza kuwa na faida tofauti kabisa kwa mche.

Kipimo kinachostahili ni hesabu ya chembe za mwanga, ziitwazo fotoni, ambazo mmea waweza kuzitumia. Kwa kuwa ni nyingi mno, huhesabiwa kwa mafungu yaitwayo mikromoli. Ufanisi wa taa, basi, ni mikromoli ngapi zinapatikana kwa kila jouli moja ya umeme. Na wati moja ni jouli moja kwa kila sekunde. Hilo ndilo swali la kumuuliza muuzaji: mikromoli ngapi kwa jouli?

Akitoa jibu, linganisheni na haya. Mwaka 2014, Jacob Nelson na Bruce Bugbee wa Chuo Kikuu cha Utah State nchini Marekani walipima taa nyingi, wakakuta kwamba taa bora za sodiamu na taa bora za LED za wakati ule zilikuwa sawa, karibu mikromoli 1.7 kwa jouli. Tangu hapo LED zimesonga mbele. Shirika la Marekani liitwalo DesignLights Consortium, ambalo huorodhesha taa zilizothibitishwa, mwaka 2023 lilitaka taa isipungue 2.3. Juu nako kuna mpaka ambao hakuna fundi awezaye kuuvuka: hata kama umeme wote ungegeuka kuwa mwanga bila kupotea hata chembe, mwanga mwekundu wa nanomita 660 ungetoa mikromoli 5.5 kwa jouli, na wa buluu wa nanomita 450 ungetoa 3.8. Muuzaji akiwaambia taa yake inatoa 6, msibishane naye. Mshukuruni, mfungieni mlango.

Kupima kwa mikono yetu

Hata hivyo karatasi ni karatasi. Nitawaeleza tulivyopima katika chama kile, kwa vifaa ambavyo kila chama chaweza kuvipata.

Kwanza tulipima umeme. Tulizima kila kitu ghalani, tukasoma uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU, tukawasha taa 10 kwa saa tano, tukasoma tena. Kama kila taa ingekula wati 1,000, zingeondoka uniti 50. Ziliondoka uniti 5.5. Kila taa, basi, ilikula wati 110.

Katibu wa chama alifurahi sana. Akasema, "Ndugu Mkaguzi, kumbe taa hizi zinatuokolea umeme!" Nami kwa dakika moja nilitaka kukubaliana naye. Lakini kibarua anayekula kidogo hawi hodari kwa sababu hiyo peke yake. Tutazame shamba alilolima. Kula umeme kidogo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni mwanga uliofika mezani.

Kwa hiyo, pili, tulipima mwanga. Niliazima kipimo cha luksi kwa mwalimu wa fizikia wa sekondari ya jirani. Tulisubiri usiku ili jua lisichanganyike na taa. Tulitandaza kamba juu ya meza moja, tukapata miraba 25 ya sentimita 20 kwa 20, tukawasha taa ya meza hiyo peke yake, tukasoma kipimo katikati ya kila mraba kwenye kimo cha miche. Chini ya taa kabisa tulipata luksi 21,000. Pembeni mwa meza tulipata 3,500. Picha na namba alizokuja nazo muuzaji zilikuwa za pale katikati tu.

Tulijumlisha vipimo vyote 25 tukagawa kwa 25, wastani ukawa luksi 9,870. Sasa luksi ni jamaa wa lumeni, ni kipimo cha jicho; lazima igeuzwe. Kwa taa nyeupe za LED, mikromoli moja kwa mita mraba kwa sekunde ni sawa na luksi kati ya 60 na 80, kufuatana na aina ya weupe. Sisi tulitumia 70. Kwa mwanga wa jua tumieni 54. Lakini taa ikiwa ya rangi ya zambarau, yaani mchanganyiko wa nyekundu na buluu, kipimo cha luksi hakifai kabisa. Hapo itafuteni mashine ya kupimia fotoni zenyewe.

Tukagawa 9,870 kwa 70, tukapata mikromoli 141 kwa sekunde juu ya meza ya mita mraba moja. Tukagawa 141 kwa wati 110, jibu likawa 1.28. Muuzaji alikuwa ameandika 2.7. Kwa haki nitasema kwamba mwanga mwingine ulimwagika nje ya meza, kwa hiyo taa yenyewe ilikuwa bora kidogo kuliko jibu letu. Lakini chama hulipia umeme wote, nao mche hula ule mwanga ulioufikia tu. Ufanisi wa kweli ni wa mezani.

Mama na trei zake

Tulipokuwa tukifanya hesabu hizi, mwanachama mmoja, mama wa makamo yaliyopita, alitusikiliza kwa muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, njoo uone miche yangu." Akanipeleka nyuma ya ghala. Alikuwa amekosa nafasi mezani, akaziweka trei zake mbili nje, chini ya wavu wa kivuli uliofungwa kwenye nguzo nne. Miche yake ilikuwa mifupi, minene, ya kijani kilichokolea, na yote ilikuwa sawa, ya katikati na ya pembeni. Akasema, "Jua la Mungu halina ankara."

Nilirudi nyumbani nikalifanyia hesabu neno lake. Taa zile ziliwaka saa 16 kila siku. Mikromoli 141 kwa sekunde, kwa saa 16, ni moli 8.1 kwa mita mraba kwa siku. Miche ya nyanya yahitaji walau 10 hadi 12. Nchi yetu hupata nishati ya jua ya wastani wa kilowati-saa 4 hadi 7 kwa kila mita mraba kwa siku. Tukichukua 5, huo ni mwanga wa moli 36 hivi. Wavu unaozuia nusu ya jua unabakiza 18. Mama yule alikuwa akipata zaidi ya mara mbili ya mwanga wa ghalani, bila kulipa senti moja ya umeme.

Na ghalani? Taa 24 za wati 110, kwa saa 16, zinakula uniti 42.24 kila siku. Tukiweka shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni shilingi 14,784 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 443,520. Kila chama kiweke bei yake halisi ya uniti, kitaona.

Mtauliza: kama tungenunua taa bora, je? Tufanye hesabu hiyo pia. Tuseme taa nzuri sana inafikisha mezani mikromoli 2.5 kwa kila jouli. Ili kuzipa meza 24 moli 18 kila mmoja, kama wavu wa yule mama, zingehitajika uniti 48 kila siku. Taa bora ingeuiga wavu kwa shilingi 16,800 kwa siku. Wengine husema tutatumia paneli za sola. Paneli hugeuza karibu sehemu moja ya tano ya jua kuwa umeme, nayo taa nzuri hugeuza karibu nusu ya umeme kuwa mwanga. Kwa hiyo katika kila vikapu kumi vya jua tunaleta kimoja mezani, na tisa tumeviacha njiani. Afadhali kutoa trei nje.

Kwa nini, basi, taa hizi zinasifiwa sana huko zitokako? Kwa sababu nchini Uholanzi, mwezi wa Desemba, jua la nje kwa siku nzima halifiki moli 5. Mkulima wa huko alikuwa na taa za sodiamu tangu zamani. Akizibadilisha kwa LED, anapunguza ankara yake kweli kweli, na ile asilimia inayoandikwa kwenye matangazo ni ya kwake yeye. Chama ambacho hakikuwa na taa hakipunguzi gharama kwa kununua taa. Kinaanza gharama mpya. Naomba katibu aliandike neno hili mahali atakapoliona: punguzo ni la mwenye ankara ya zamani.

Mahali zinapofaa

Nisieleweke kwamba nazikataa taa hizi. Zipo kazi ambazo zinastahili katika nchi zetu za ikweta.

Kazi ya kwanza ni kuurefusha mchana. Mwaka 1920 wataalamu wa Marekani, Garner na Allard, walitangaza kwamba tumbaku na soya zao zilichanua kwa kufuata urefu wa mchana. Baadaye ikajulikana kwamba mmea huhesabu hasa urefu wa usiku, na mwaka 1952 wataalamu wa Beltsville walionyesha, kwa mbegu za saladi, kwamba mwanga mwekundu huamsha na mwanga wa wekundu wa mbali huzima. Maua ya krisanthemamu huchanua usiku ukiwa mrefu. Kwetu usiku ni wa karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo yakiachwa yatachanua yangali mafupi. Ndiyo maana mashamba ya Arusha na ya Kenya yanayokuza krisanthemamu huwasha taa usiku. Mwanga unaotakiwa ni hafifu sana, luksi 100 hivi zatosha, kwa kuwa hapo mmea unapewa ishara; chakula chake hukitengeneza mchana kwa jua.

Hapo LED hulipa. Tuchukue bustani yenye balbu 110 za kizamani za wati 100, zinazowaka saa nne kila usiku: ni uniti 44. Zikiwekwa LED za wati 12 zinazotoa ishara ile ile, ni uniti 5.28. Huyu ana ankara ya zamani, na punguzo ni lake. Hata hivyo balbu ya kizamani ilikuwa na wekundu wa mbali ndani yake, na yapo maua yanayouhitaji. Kwa hiyo ijaribiwe kwenye tuta moja kwanza, msimu mmoja, kabla ya kubadilisha shamba zima.

Kazi ya pili ni vyumba vya kuzalishia miche kwa tishu, kama ile ya migomba, ambako chupa lazima zikae ndani ya chumba safi kilichofungwa. Jua haliwezi kuingia huko bila kuleta joto, na mwanga unaohitajika ni mdogo. Taa ni ya lazima, na ufanisi wake ni wa kupimwa kama nilivyoeleza.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa

Makatibu wenzangu katika utumishi, muuzaji akija, muulizeni mbele ya Bodi na mwandike majibu yake katika muhtasari:

1. Kazi hii haiwezi kufanywa na jua? Kama yaweza, kikao kifungwe.

2. Taa inakula wati ngapi kwenye mita, na inatoa mikromoli ngapi kwa jouli? Nani aliyepima?

3. Mwanga ukoje katikati, na ukoje pembeni mwa meza?

4. Baada ya saa ngapi za kuwaka mwanga utashuka hadi sehemu tisa za kumi za ule wa mwanzo? Taa inayowaka saa 16 kila siku humaliza saa 5,840 kwa mwaka mmoja.

5. Je, atakubali kuuza taa moja kwanza, ipimwe hapa hapa kwa LUKU na kwa kamba, ndipo zilizobaki zilipiwe?

Swali la tano ndilo lililokosekana katika chama kile. Taa moja na usiku mmoja vingeokoa zaidi ya shilingi milioni nne.

Chama kile sasa kinakuza miche nje chini ya wavu, na mama yule ndiye msimamizi wa kitalu. Miche inauzwa na wanachama wameridhika nayo. Taa 24 ziko ghalani. Hakuna aliyezinunua kwa bei ya maana, na katika mizania bado zimeandikwa kama mali ya chama, zikipunguzwa thamani mwaka hadi mwaka. Kila mwaka nikifika pale kwenye mstari huo naiona sahihi yangu.

Tangu siku hiyo nimejiwekea desturi. Chama kikinunua kifaa cha kufanyia kazi, siulizi stakabadhi peke yake. Nauliza kinakula nini, kinatoa nini, na nani amepima. Nawaombeni nanyi mniulize mimi: "Ndugu Mkaguzi, umepima?" Mkinikuta sikupima, msikubali nitie sahihi.